Pale Alipofagia Abdulsamad

Mume wangu Abdulsamad ni Mpemba, na Mpemba akishaamua jambo, hata umletee kadhi hageuki. Mwezi wa pili, akiwa kwenye kiti chake cha sebuleni, alimpigia simu mwanetu Ziyad na kumwambia amtafutie tiketi ya ndege ya kwenda kwao Pemba mwezi wa sita. Ya kwenda tu. Aliyasema hayo mbele yangu, nami nimeshika bakuli la uji wake, kana kwamba mimi ni pazia.

"What about Mum?" Ziyad aliuliza. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Mama yako ana kazi yake na wajukuu zake. Mie hapa nafanya nini? Nimekuwa furushi."

 Nilimpa uji wake, nikaenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikaosha vyombo kwa hasira mpaka kikombe kimoja kikavunjika mkono.

Kiharusi kilikuwa kimempata kabla ya baridi kuanza sawasawa. Chepesi, walisema hospitali, na kweli mdomo ulirudi karibu na mahali pake na mguu ukapata nguvu. Mkono wa kushoto tu ndio uliobaki mzito. Lakini mtu aliyeendesha basi Stratford, hapa London, miaka na miaka, akizozana na abiria na kucheka nao, sasa alikaa dirishani kutwa kuwatazama wenzake wakipita na mabasi yao. Yule wa physio alimwachia mpira wa kubana ili mkono uchangamke. Mpira ukawa wa wajukuu. Waliosema heri kufa macho kuliko kufa moyo walikuwa wamemwona mume wangu.

Nilibembeleza, nikanuna, nikapika boko-boko. Hakuinuka. Ndipo nilipoamua kulima.

Mimi ni mtoto wa Malindi, Unguja mjini. Mchicha nimeujua ukiwa tayari umefungwa mafungu sokoni Darajani. Abdulsamad amezaliwa Pandani, amekulia kwenye mihogo na mpunga, na tangu anioe hajaacha kunicheka kwamba sijui hata muhogo unaingia ardhini kwa upande gani. Nikajisemea, mkulima anaweza kuvumilia maradhi, lakini hawezi kuvumilia kumwona mtu wa mjini akiharibu ardhi. Ama atainuka anisaidie, ama atainuka anigombeze. Yote mawili nilikuwa nayataka.

Mbegu zilikuwapo. Munir, mtoto wa kaka yake, alikuwa ametoka Wete na mbegu za mchicha ndani ya kipande cha karatasi, pamoja na ufagio mpya wa chelewa, zile njiti za majani ya mnazi. Sijaona nyumba ya Kizanzibari mji huu isiyokuwa na ufagio wa chelewa nyuma ya mlango wa jikoni, hata kama nyumba nzima imetandikwa zulia.

Mwezi wa nne mvua ikashika. Abdulsamad aliisikia kwenye kioo, akasema peke yake, "Masika haya. Kwetu sasa watu wanapanda."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku nyingi yasiyohusu tiketi. Kesho yake, ambayo sikuwa na zamu kwenye mapokezi ya daktari wa meno, nilivaa koti la mvua na viatu vyake vya zamani nikaenda nyuma ya nyumba na jembe dogo.

Hakuna aliyeniambia kwamba udongo wa London ni mzito namna ile. Uling'ang'ania jembe, ukanivua kiatu. Nilitoa mawe, vipande vya vigae, kijiko cha mtu asiyejulikana, na mizizi myeupe ya magugu ambayo ukiivuta hapa inatikisika kule kwa jirani. Mgongo uliniuma mpaka nikawa nafunga kilemba kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kiuno. Lakini sitasema uongo, nilifurahi. Udongo ule ulikuwa na harufu nzuri, na ndege mdogo mwenye kifua chekundu alinifuata nyuma nyuma akiokota minyoo bila kuniogopa. Nilianza kumsimulia shida zangu.

Jirani yetu Jaswant Singh alichungulia juu ya ua. Yeye ni Singasinga wa Kisumu, na Kiswahili chake ni cha kwao kule kule.

"Mama Ziyad, unapanda nini?"

"Mchicha."

"Aa, ngoja kwanza. Hii baridi bado iko. Mchicha inataka jua. Ngoja mwezi wa tano."

"Mvua imeshaanza, Bwana Jaswant. Masika."

"Hii si masika, mama. Hapa mvua ni ya kila siku."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na haraka na mwezi wa sita. Alipoona sibanduki aliniambia basi angalau nifunike mbegu kwa majani makavu zisipigwe na baridi, akanipa yake mfuko mzima. Nikasawazisha kiwanja changu kikawa bapa kama mkeka, nikamwaga mbegu zote bila kubakiza hata moja, nikazifunika majani. Niliporudi ndani nilimwambia Abdulsamad nimepanda.

"Wapi?"

"Kule nyuma. Nenda ukaone."

"Nitaona," akasema, asiinuke.

Jumapili iliyofuata Ziyad na mkewe Afra walikuwa waje na watoto. Asubuhi na mapema nilisikia mlio ambao kwa nukta chache ulinirudisha utotoni: chwaa, chwaa, chwaa. Nilinyoosha mkono kitandani nikakuta upande wake hakuna mtu. Nikateremka ngazi mbio, nikasimama kwenye dirisha la jikoni.

Abdulsamad alikuwa nje anafagia.

Mama yake alizaa wanaume watupu, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kufagia uwanja kabla ya chai, hasa siku ya wageni. Ufagio wa chelewa ni mfupi; hufagiwa kwa kuinama, mkono mmoja ukishika ufagio na wa pili ukipumzika mgongoni. Alikuwa ameinama hivyo hivyo, mkono wa kulia unafanya kazi, wa kushoto umelala mgongoni. Ukimtazama, usingejua ni upi mgonjwa. Nilimuona mume wangu mzima, nikashukuru Mungu kwa sauti.

Kisha nikaona anapofagia.

Alikuwa keshapita juu ya kiwanja changu. Majani yote, udongo wa juu wote na mbegu zote alizisukuma mpaka pembeni, kwenye ukuta wa matofali ninapotupa maganda ya jikoni, akafanya jaa safi la duara. Alipopita, ardhi ilikuwa imebaki na mistari ya chelewa kama nywele zilizochanwa.

Nilifungua mlango na ukelele wangu tayari mdomoni. Wanaonijua wanajua ulimi wangu. Akainua uso, jasho linamtoka, amepata rangi.

"Hivi unakaa na majani yamejaa uwanjani na wageni waja?" akasema. "Ati mtoto wa mjini. Na huo mchicha wako uko wapi? Natafuta tuta silioni."

Mpemba haiti tuta mpaka liwe na mgongo. Kiwanja changu bapa alikiona uchafu uliosahauliwa. Nilimtazama yeye, nikautazama ufagio, nikajua kwamba nikimwambia ukweli ataurudisha nyuma ya mlango, atarudi kwenye kiti chake, na Ziyad atanunua ile tiketi.

"Pale," nikasema, nikaonyesha ukanda wa udongo karibu na bomba la maji, ambao sikuwa nimeugusa.

Akautazama kwa dharau. "Pale? Ndiyo maana." Akaweka ufagio chini, akaanza kuutengeneza mgongo kwa mikono yake.

Upande wa pili wa ua kichwa cha Jaswant kilichomoza, kikafungua mdomo. Nilimkazia macho mpaka kikazama tena.

Tangu siku hiyo nilikuwa na mume nje na uongo ndani. Kila asubuhi alifagia, akatoa kiti cha jikoni, akakaa mbele ya tuta tupu akingoja. Alimwagilia. Alipalilia. Alimfukuza paka wa jirani kwa matusi ya Kipemba. Aligundua kwamba mkono wa kushoto unaweza kushika kopo la maji likiwa nusu. Nilikuwa namtazama dirishani nikifurahi na kuogopa kwa pamoja, maana nilijua pale hapatatoka kitu, na nilijua atasema nini.

Akalisema, wiki ya kwanza ya mwezi wa tano. "Sheikha, hata ardhi ya huku haina haja na mimi."

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Bado baridi."

"Mwezi wa sita si mbali. Kwetu mbegu haibembelezwi."

Siku iliyofuata nilipanda treni mpaka Southall, kwenye mitaa ya Wahindi. Kwenye duka la mama mmoja, Kavita, pale mboga zinapopangwa nje mpaka barabarani, nilipata pakiti ya mbegu za mchicha wa Kihindi. Nia yangu ilikuwa nizimwage kimya kimya kwenye lile tuta. Lakini mtu mwenyewe habanduki! Nikiamka, yuko pale. Nikirudi kazini, yuko pale. Nilimwambia aende msikitini mapema, akasema hali ya hewa nzuri ataswali uwanjani. Miezi mizima nilimwomba Mungu amtoe kwenye kiti chake, sasa nilikuwa natafuta namna ya kumrudisha kwa robo saa tu. Pakiti ikazeeka ndani ya mkoba wangu pamoja na funguo na peremende.

Siku hizo hizo Jaswant alikata nyasi zake, akazirusha kwetu magunia mawili. "Tupa kwa hiyo takataka ya kona, mama. Itachemka yenyewe." Abdulsamad akazitandaza kuzunguka jaa, na kweli, asubuhi za baridi ulikuwa ukiona mvuke unatoka.

Halafu jua likaja, lile la London ambalo watu hulivulia mashati siku ile ile. Nilirudi kutoka kazini jioni moja nikakuta kiti chake kitupu mbele ya tuta.  Nikaita. Sauti yake ikanijibu kutoka pembeni, kwenye ukuta.

"Sheikha. Njoo hapa."

Alikuwa amechuchumaa mbele ya jaa. Katikati ya maganda ya viazi na majani yaliyooza, miche ilikuwa imetoka imesongamana, vijani vyembamba, vishina vyekundu.

"Huu mchicha," akasema.

"Naona."

"Mchicha hauruki."

 Akalitazama jaa, akautazama uwanja, akaifuata kwa macho njia ya ufagio kutoka ukutani mpaka pale palipokuwa na kiwanja changu. Kisha akanitazama mimi.

"Niliufagia."

"Uliufagia."

"Na pale kwenye bomba?"

"Pale hapajapata kuwa na kitu."

"Siku zote hizi napalilia mchanga?"

Nilifungua mkoba nikampa pakiti ya Southall, imekunjamana, haijafunguliwa. "Nilitaka nikupandie. Hukunipa nafasi."

Aliigeuza pakiti. Mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani analia, nikainama. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo na mdomo ukampinda upande ule ulioumwa, naye hakujali kuuficha. Nikacheka na mimi. Kichwa cha Jaswant kikatokea juu ya ua.

"Amejua?" akaniuliza.

"Kumbe na wewe!" Abdulsamad akamwambia, na tukaanza upya, watatu sasa.

Kicheko kilipokwisha alijifuta macho kwa kiganja.

"Kwa nini hukunambia? Wewe, na ulimi wako huo."

"Ulikuwa umeinuka," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, na nikasikia vidole vinabana, kidogo, lakini vinabana.

Tuliihamisha miche siku ile ile kabla ya jua kuzama. Alitengeneza tuta jingine pale pale nilipopanda mwanzo, safari hii na mgongo, huku akinieleza ubaya wa kazi yangu kama mwalimu wa chuoni. Mkono wa kushoto ulishika mche, wa kulia ukafukia. Mingine iliponyoka, akaiokota. Tulipomaliza alikuwa na udongo mpaka kwenye ndevu, akaomba simu.

"Ziyad. Ile tiketi usinunue."

"Are you okay, Dad?"

"Mzima. Huku kuna mchicha. Ukikatwa huchipua tena, na mama yako hajui kuukata. Ukishakwisha, mwezi wa kumi hivi, tutafutie mbili. Za kwenda na kurudi."

Aliniambia nifunge mlango, nzi wanaingia, akaenda kuoga.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na chwaa, chwaa. Sikuteremka. Nilibaki kitandani nikiusikiliza ufagio ukija kutoka mlangoni, ukipita kwenye bomba, ukisogea katikati ya uwanja. Ulipofika kwenye tuta ukanyamaza. Nikasikia nyayo zake zinazunguka polepole, kisha ufagio ukaanza tena upande wa pili.