Sakafu Iliyokuwa Kavu

"Nakuuliza tena, Bi Tollefsrud," alisema wakili wa kampuni ya dawa. "Uliteleza, au hukuteleza?"

Ardis Tollefsrud aliitazama birika ya kahawa iliyowekwa katikati ya meza. Kahawa nyeusi tii, machicha yanaelea juu yake. Aliyeipika alikuwa na haraka au hakulelewa vizuri. Ardis alikuwa amepika kahawa ya matanga katika kanisa la Kilutheri la Nordby kwa miaka arobaini na tatu, na hakuna mfiwa aliyewahi kutema machicha.

Walikuwa wanne katika chumba cha mikutano cha maktaba: yeye, wakili wake Joanna Kessel aliyekuja kwa gari kutoka Minneapolis, huyu Bwana Lathrop wa kampuni, na mwanamke mpole aliyepiga chapa kila neno lililotamkwa. Jaji hakuwapo, kwa kuwa haya yalikuwa maelezo ya kabla ya kesi, lakini Ardis alikuwa ameapa kusema kweli. Mbele yake palikuwa na karatasi ya watu wa ambulensi, ya miaka mitatu nyuma, yenye mstari mmoja uliopigiwa rangi ya njano: *Mgonjwa anasema aliteleza jikoni.*

"Tupumzike dakika kumi," Joanna akasema.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kushinda. Daktari alimwambia Ardis mifupa yake inakonda, akamwandikia kidonge cha kuitia nguvu, kimoja kwa juma. Kila Jumatatu alfajiri, kwa miaka minane, alikimeza kwa glasi nzima ya maji, kisha akakaa wima kwenye kiti cha jikoni nusu saa bila kula wala kuinama, kama pakiti ilivyoagiza. Hata Jumatatu aliyofiwa na mumewe alikaa wima. Mwisho wa utiifu huo, mfupa wa paja, ulio mnene kuliko yote mwilini, ukakatika. Wako wanawake mamia waliovunjika paja vivyo hivyo, na mashauri yao yalikuwa yakingoja kwenye mahakama moja huko mashariki. La Ardis lilichaguliwa liwe miongoni mwa yale ya kusikilizwa kwanza. Yeye alitaka jambo moja tu: kampuni ikubali kwamba ilijua kidonge huweza kuudhoofisha mfupa huo huo, ili mwanamke mwingine anayekaa wima Jumatatu alfajiri ajue anachomeza.

Sasa Lathrop alikuwa na neno lake moja, "aliteleza": kama aliteleza, mfupa ulivunjwa na sakafu, si kidonge. Na neno hilo lilitoka kinywani mwa Ardis mwenyewe.

Ni lazima mtu atujue sisi watu wa huku ili aelewe. Hatulalamiki. Ukimuuliza jirani aliyeng'atwa na mbwa hali yake, atakujibu si mbaya, mbwa mwenyewe alikuwa na njaa. Kahawa hukataliwa mara mbili kabla ya kupokewa, na maumivu hukataliwa hata mara ya tatu. Wenzetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaona afadhali kuumbuliwa na kifo kuliko kumsumbua daktari. Ndiyo maana paja lilipoanza kumuuma, miezi mitano kabla ya kuvunjika, maumivu ya chini kwa chini kama ya jino bovu, Ardis alipanda ngazi za kanisa kwa kuburura mguu pale tu ambapo hakuna anayemwona. Daktari alimuuliza mara nne paja linaendeleaje. Mara nne alijibu, "Si mbaya." Na daktari, mtu wa huku huku, akaandika: *Hana malalamiko.*

Kisha ikaja ile siku ya Machi, matanga ya mzee Orville Bakke. Juu kanisani wanaimba, chini jikoni wanawake wanapaka siagi mikate ya kuwekea nyama. Ardis alinyanyua birika kubwa kutoka juu ya jiko, akageuka. Hakuwa amepiga hata hatua. Akasikia kitu kimelia *ko!* ndani ya mguu wake, mfano wa kijiti kikavu, ndipo akaanguka na kahawa ikamwagika pande zote. Watu wa ambulensi walipomuuliza kulitokea nini, aliwaambia ameteleza tu, na samahani kwa usumbufu. Akawaomba wapitie mlango wa nyuma wasimshtue mjane. Kusema mguu umevunjika wenyewe kulionekana kwake kama kujitafutia makuu kwenye matanga ya mtu mwingine.

Katika mapumziko yale, ukumbini mwa maktaba, Joanna alizungumza kwa sauti ya chini. Alimweleza kwamba akikiri kuwadanganya watu wa ambulensi, Lathrop atauliza amedanganya wapi tena, na huenda jaji akalitupa shauri zima kabla halijafika popote.

"Mtu mwenye maumivu kama yale huwa hakumbuki mengi," Joanna akasema, akimtazama usoni. "Kama hukumbuki, mama, sema hukumbuki."

Lilikuwa jibu zuri, tena fupi. Ardis alirudi ndani na kiegemezi chake cha magurudumu akiwa amelishika moyoni.

Lakini Lathrop alikuwa ametoa karatasi nyingine. Alisema ni maelezo waliyochukua mwezi uliopita kwa Bi Verna Skogen, kisha akayasoma bila haraka. "'Sakafu niliipiga deki mimi, robo saa kabla, kwa sababu ya theluji iliyoletwa na viatu. Sikuikausha vizuri. Ni kosa langu. Ardis asilaumiwe.'"

Ardis alihisi uso unawaka. Verna alipata kipaimara naye siku moja. Wamesimama bega kwa bega katika jiko lile tangu wakiwa mabibi harusi. Na kwa miaka mitatu sasa, kila Verna akimaliza kupiga deki, alipiga magoti na kuikausha sakafu kwa taulo, kipande kwa kipande, mpaka kwenye pembe, mwanamke wa miaka sabini na mbili. Ardis alikuwa akimtania kwamba anatafuta pete yake ya ndoa. Verna hakucheka hata siku moja, na Ardis hakuuliza kwa nini. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake, kubwa kuliko ya kubebwa kwenye machela mbele ya wafiwa.

"Kwa hiyo, sakafu ilikuwa na maji?" Lathrop akauliza.

"Ilikuwa kavu."

"Lakini uliwaambia watu wa ambulensi—"

"Niliwadanganya." Joanna alifumba macho. Ardis akaendelea, kwa sababu akinyamaza hapo hatathubutu tena. "Mfupa ulivunjika kwanza, nikaanguka baadaye. Kilicholowesha sakafu ni kahawa yangu. Verna hana kosa hata chembe, na naomba hilo liandikwe."

"Na daktari wako? Mara nne ulimwambia si mbaya."

"Naye nilimdanganya. Lilikuwa linauma mpaka nalia bafuni."

Lathrop aliweka kalamu chini, mpole kabisa. "Umemdanganya daktari. Umewadanganya waliokuja kukuokoa. Kwa nini leo tukuamini, Bi Tollefsrud?"

"Sijui," alisema. "Lakini leo nimelalamika. Nenda kaulize mji mzima kama yupo aliyewahi kunisikia nikilalamika."

Mwanamke wa kupiga chapa aliinua macho, kisha akayainamisha na kuliandika hilo pia.

Nje, kando ya gari, Joanna hakumlaumu. Alisema tu kwamba Lathrop amepewa kisu na mpini wake, na kwamba ataliarifu jopo la mawakili wa mashauri yale yote, halafu wangoje jaji aseme. Huenda shauri jingine likawekwa mbele badala ya hili. Ardis alimwomba radhi kwa usumbufu. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, yale yale aliyowaambia watu wa ambulensi.

Alhamisi kulikuwa na matanga mengine. Ardis alifika mapema, akavunja yai na kulikoroga pamoja na maganda yake katika unga wa kahawa, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake, akautia mchanganyiko kwenye maji yanayochemka. Ukivuta subira, vurugu lote hushikamana na kuzama, na kahawa hubaki safi, rangi ya asali. Nyuma yake Verna alikuwa amemaliza deki na sasa yuko magotini na taulo.

"Verna. Sakafu ilikuwa kavu."

Taulo lilisimama.

Ardis alimweleza yote, uso kwa jiko, kwa kuwa hakuweza kumtazama: mlio, kahawa, uongo mdogo alioutoa ili watu wasihangaike. Alipomaliza, aligeuka. Verna alikuwa bado magotini, akilikamua taulo ambalo halikuwa tena na maji ya kutoka.

"Miaka mitatu, Ardis."

"Najua."

"Magoti yangu yamekwisha. Ungeniambia tu."

"Nisamehe. Sikujua unalibeba kosa hilo."

"Ningekwambiaje? Kila nikikuuliza mguu, unasema si mbaya."

Alijaribu kuinuka, akashindwa. Ardis akakisogeza kiegemezi chake cha magurudumu, Verna akakishika, na vikongwe wawili wakavutana mpaka mmoja akasimama. Juu, kinanda kilikuwa kimeanza kujaribiwa.

"Haya," Verna akasema, akihema, "mguu vipi?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari ulimini. Ardis alilimeza.

"Unauma."

"Sana?"

"Kila siku ya Mungu."

Verna alivuta viti viwili karibu na jiko, akakaa kwenye kimoja. Taulo aliliacha ndooni. Nusu ya sakafu ilikuwa bado inang'aa maji, nayo ikaanza kukauka yenyewe, polepole, kuanzia ukingoni, huku birika ikichemka na hakuna aliyeinuka.