Benchi la Mama Karibu

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Karibu, na hawakukosea. Alikuwa mpokezi wa ofisi ya ushauri nasaha pale chuoni. Mshauri alikaa chumba cha ndani, mlango umefungwa. Huku nje kulikuwa na meza ya Mama Karibu na benchi la kungojea. Mtoto wa watu akichungulia na kujifanya amepotea njia, Mama Karibu humjibu kuwa hapa wote huja kwa kupotea, aketi. Humsogezea tishu bila kumkazia macho. Na kwa wale wanaosema hawana neno, wanapita tu, alikuwa na methali yake: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nao hucheka kidogo, kisha huketi.

Sasa, kitinda mimba wake naye alisoma chuo hichohicho, uhandisi, mwaka wa pili. Mtaa mzima ulijua. Hata akinunua nyanya, Mama Karibu alihakikisha muuza nyanya anaondoka na habari za mhandisi.

Muhula ule kijana alikuja ofisini. Alisimama mlangoni, akaketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Mama furaha ikampanda, mwanawe kamkumbuka! Akafungua chombo chake cha chakula, akamgawia nusu, akamnyoosha kola, akauliza masomo yanaendaje. Vizuri, mama. Basi wahi darasani, baba.

Akaja tena, amekonda. Mama akamtania kwamba mapenzi yanamla, akampa chakula chote.

Mara ya tatu hakuketi. Alimkuta mama amemkumbatia msichana anayelia. Akasimama akiwatazama, kisha akaondoka bila kuaga. Mama alikiona kisogo tu, akasema moyoni, huyu ana haraka kama marehemu baba yake.

Matokeo yalipobandikwa, jina la kijana halikuwepo. Hakuwa amefanya mtihani hata mmoja. Mama alimkuta nyumbani mchana kweupe, amelala ameelekea ukutani. Alifoka, jamani, alifoka! Msaada upo, tena bure, watoto wa wenzake wanausaka, yeye ambaye mama yake yuko palepale mlangoni kilimshinda nini?

"Nilikuja mara tatu, mama," kijana akasema, bila kugeuka. "Ulinipa chakula."

Mama Karibu akakaa sakafuni.

Kulipokucha alikwenda kuomba ahamishwe, popote, hata kufuta vumbi maktaba, mradi mwanawe apate kuupita mlango ule bila kuonwa na mamaye. Walimkubalia, mpokezi mwingine akawekwa. Jioni alisimama nje ya chumba cha kijana.

"Sipo pale tena, mwanangu. Nenda. Hakuna atakayekuuliza wa nani."

Kijana akaitikia kutoka ndani, "Haya, mama."

Na kweli, asubuhi kijana alioga, akavaa, akabeba mkoba, akatoka. Dirisha la maktaba lilitazamana na ile ofisi. Mama alifuta rafu ileile mpaka ikang'aa, macho yakiwa nje. Watoto wa watu waliingia, wakatoka, mmoja hata anatabasamu. Wa kwake hakutokea. Nyumbani mama alikuta kitanda cha kijana kimetandikwa vizuri, simu imeachwa juu ya mto.

Alimtafuta kila mahali pa kutafutwa. Moyo ulimuuma hadi akawa anatembea ameushika kwa mkono. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alikuwa akiwaambia wanafunzi zamani. Kumbe naye alikuwa hajaujua.

Miezi ikapita. Ndipo shangazi yake kijana akaja na habari. Yu hai. Yuko mji wa mbali, anabeba mizigo sokoni, ameomba asifuatwe. Shangazi alikuwa amezungumza naye kwa simu, na angezungumza naye tena. Je, wifi ana la kumwambia?

Mama Karibu alikuwa nalo. Alikuwa amelipanga usiku na mchana: kwamba amsamehe, kwamba safari hii atanyamaza amsikilize. Akafungua kinywa.

"Anakula?" akauliza.

Akajisikia mwenyewe alivyosema, akaangua kilio.