Makopo ya Baba Mkwe

Kazi ya Mama Mapacha ilikuwa kufungua makopo. Kiwanda cha rangi na manispaa walikuwa wamekaa kitako wakaelewana: manispaa itoe banda nyuma ya soko, na imkataze fundi kumwaga rangi mtaroni, kiwanda kitoe mapipa na mashine ya kukorogea. Mafundi walete mabaki, yakorogwe upya, yakapakwe shule na zahanati.

Basi Mama Mapacha alikaa mlangoni na bisibisi yake. Anabandua kifuniko, anakoroga kwa kijiti, ananusa. Rangi ya maji kulia, ya mafuta kushoto. Maana hizo mbili ni wake wenza: ukizitia chumba kimoja, hakulaliki.

"Mama, unanusa rangi au unaonja mchuzi?" mafundi walimtania.

"Nanusa uongo wako. Weka kopo chini."

Hakumwachia mtu. Hata kopo jipya, lenye karatasi inayong'aa, alilifungua, kwa sababu mafundi wana tabia ya kumimina rangi hii kwenye kopo la ile.

Jumatatu moja akaja baba mkwe wake na toroli, makopo matano. Mzee huyu alikuwa amepaka nyumba miaka arobaini, na nusu ya mafundi waliokuwa kwenye foleni walishika brashi mara ya kwanza mkononi mwake. Wote wakampisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Yote ya maji haya."

Mama Mapacha alishika bisibisi. Akaona macho ya watu. Mzee ameshasema mbele ya kadamnasi, tena mzee aliyemlea mume wake. Utabanduaje kifuniko chake ukanusa, kama unayemwambia humwamini? Akaweka alama ya vema kwenye daftari, akayasogeza makopo yote matano kulia.

Jumatano rangi pipani ikakatika. Koroga, mwendesha mashine, mgane mwenye mvi kidevuni, ndiye aliyepiga kelele. Wakakimbilia kuchungulia: mabonge yanaelea kama maziwa yaliyochacha, na juu mafuta yametanda. Pipa zima, lililongojewa na madarasa mawili ya shule ya msingi.

Mama Mapacha aliinusa harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, iliyopanda mle ndani, na hapo hapo akajua. Akajifanya anakohoa, akatoka nje.

Alhamisi wakaja wakubwa. Bwana wa kiwanda akasema manispaa inapokea uchafu. Afisa wa manispaa, faili kwapani, akasema mashine ya kiwanda haioshwi. Wakavutana wee, kisha wakapatana juu ya mgongo wa mdogo: Koroga hakuosha mashine, mwisho wake Jumamosi.

"Nimeiosha kwa mikono yangu hii!" Koroga akamgeukia Mama Mapacha. "Dada, si ulinikuta naiosha? Waambie."

"Aliiosha," akasema. Akaishia hapo. Ulimi ulikuwa na maneno mengine, akayameza.

"Kuosha kusikoondoa mafuta si kuosha," afisa akasema, akafunga faili.

Walipoondoka, Koroga alimfuata. "Ahsante, dada. Wewe angalau umenisemea."

Ahsante ile ilimchoma kuliko tusi. Siku mbili zile aliepa kupita karibu na mashine. Maji ya kunywa akaenda kuyateka bomba la sokoni, mbali, ili asikutane naye.

Jumamosi asubuhi wakubwa walikuja kupokea funguo za mashine. Koroga alikuwa amekunja ovaroli lake vizuri, kama nguo ya kanisani au ya msikitini, amelipakata. Foleni imejaa. Na nani anaingia na toroli? Baba mkwe, makopo mawili.

"Nasikia kuna mtu kaharibu pipa," mzee akasema kwa sauti. "Siku hizi hakuna mafundi, kuna wababaishaji tu!"

Watu wakacheka. Koroga akainamisha kichwa, akawa anachezea kifungo cha ovaroli.

Mama Mapacha akasimama. "Baba, naomba nifungue."

Kicheko kikakatika. "Unifungulie mimi?"

"Naomba, baba."

Kifuniko kikaruka. Hakuhitaji kuinama, tina ilimfikia kabla ya kijiti.

"Hii ni ya mafuta, baba."

"Soma kopo! Limeandikwaje?"

"Kopo ni la maji. Kilichomo ni mafuta." Akamgeukia afisa. "Na Jumatatu nilipokea matano bila kufungua. Niliona haya. Nilijua tangu Jumatano, nikanyamaza. Koroga hana kosa."

Mzee alichukua kopo, akaliinua hadi puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka mabega yakapanda.

"Sisikii kitu," akasema, taratibu sasa. "Huwa naonjesha pua… sisikii kitu, mwanangu." Miaka arobaini ya tina ilikuwa imekula pua yake, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe labda hakutaka kujua. Wanafunzi wake wakawa wanatazama viatu vyao.

Bwana wa kiwanda alimrudishia Koroga funguo. Afisa akamwambia Mama Mapacha kuwa Jumatatu aje ofisini, waongee. Akaitikia. Koroga alivaa ovaroli lake, akampita akielekea kwenye mashine. Hakumtukana. Hakumwangalia pia.

Mzee bado alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mama Mapacha, mikono haina pa kuiweka. Mwishowe akainama, akalitoa kopo la pili kwenye toroli, akalisukuma mezani huku akitazama ukutani.

"Fungua na hili."

Mama Mapacha akalifungua, uso chini, na machozi yake yakawa yanadondokea kwenye bisibisi.