Saa Tisa ya Tanga

Kompyuta ya Champa iliwaka, ikanguruma dakika nne, ikajizima. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, saa nne asubuhi, na hiyo ilikuwa mara ya sita. Kwa wiki tatu ilikuwa imeshikwa na uvivu: anabonyeza kitufe, anakwenda jikoni kupika chai, anarudi na kikombe chake, nayo bado inajikongoja. Uvivu aliuvumilia. Lakini kati ya siku zote, ije izime leo, siku ya Zainab!

Akapiga simu dukani kwa Kanti, mtengeneza kompyuta wa Kingsbury Road. Akaambiwa fundi anakuja. Akakaa akiitazama skrini nyeusi, mikono mapajani, kama mtu aliyeketi nje ya chumba cha daktari.

Alikuwa na jambo moja tu la kumwambia Zainab, na alikuwa amelibeba miaka thelathini na mitano. Mwaka 1971, nyumba yao ya Tanga ilipotaifishwa, baba yake aliamua kuhama na akakataza mtu yeyote asiambiwe. Zainab wa nyumba ya pili, aliyekuwa akifuma naye vitambaa barazani kila alasiri, akauliza mbona leo kwao kuna pilikapilika. Champa akamjibu huku akitazama uzi wake: "Tunakwenda Lushoto. Tutarudi Jumatatu." Jumatatu ilipofika Champa alikuwa London, katika chumba kimoja na watu saba, amejifunika blanketi mpaka kichwani, kwa sababu alijua kuna mtu anautazama mlango wao.

Barua alizoandika hazikujibiwa. Kisha mwezi uliopita mwanawe Jayesh akampata Muhiddin kwenye mtandao, kijana mwenye duka la intaneti pale Tanga, na kumbe Zainab ni shangazi yake. Muhiddin akaandika kwamba shangazi anaishi Pangani siku hizi, simu haitaki, anataka kumwona Champa usoni. Atapanda basi aje dukani Jumamosi, mara moja tu, maana miguu inamsumbua. Jayesh akanunua kamera ndogo, akaibana juu ya skrini, akapiga hesabu ya saa na kuandika kwenye kalenda ya ukutani: jioni, saa kumi na mbili za London.

Fundi alifika saa tano na robo. Alikuwa msichana wa Kikenya, Mumbi, mwenye mkoba wa vifaa begani na koti lililolowa mvua. Aliposikia Champa anamkaribisha kwa Kiswahili, akasimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi.

"Ai, mama! Unaongea Kiswahili?"

"Ninazungumza tangu mama yako hajazaliwa. Ingia, baridi hiyo."

Mumbi akapiga magoti mbele ya meza. Kasha la kompyuta lilikuwa limevikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kilichoshuka kutoka juu mpaka chini, mbele na nyuma. Akakishika kwa vidole viwili.

"Mama, hii kitu inakaanga hapa kila siku?"

"Kitu hiki. Na kinakaa, hakikaangi."

"Hapana, mama, nasema inakaanga kompyuta. Umeivalisha sweta. Hewa itapita wapi?"

"Kwetu kila chombo kilikuwa na kitambaa chake. Redio, birika, mtungi wa maji. Redio ya baba ilivaa kitambaa miaka kumi, haikulalamika hata siku moja."

"Redio haina feni, mama."

Akafungua ubavu wa kasha kwa bisibisi. Ndani vumbi lilikuwa limeshikamana kama pamba ya godoro, limechanganyika na majivu ya vijiti vya udi ambavyo Champa huviwasha kila asubuhi kwenye rafu ya juu yake. Feni ya katikati ilikuwa imekwama. Mumbi akaisukuma kwa kidole. Ikazunguka nusu, ikagoma.

"Hii feni imechoka."

"Feni hii."

"Feni hii imechoka, mwalimu," Mumbi akasema, na wote wawili wakacheka. "Ubongo wake unapata moto, ndiyo maana ilikuwa inaenda polepole. Ukizidi, inajizima yenyewe isiungue. Vitu vyako viko salama. Naibeba dukani, naweka feni mpya, saa kumi na moja imerudi."

"Saa kumi na moja hasa? Maana nina miadi saa kumi na mbili. Rafiki yangu yuko Tanga, ananisubiri." Champa akampa karatasi yenye ujumbe wa Muhiddin, ambayo Jayesh aliitoa kwenye printa. Yeye mwenyewe hakuwa ameisoma vizuri. Herufi zilikuwa ndogo, na Jayesh alikwisha msimulia.

Mumbi akaisoma. Akairudia mstari wa mwisho, midomo ikimchezacheza.

"Mama, nani alikwambia saa kumi na mbili?"

"Jayesh. Nilimwuliza miadi ni saa ngapi, akasema nine, ukitoa tatu inabaki six ya jioni, yaani saa kumi na mbili."

"Hapa imeandikwa saa tisa."

"Si ndiyo nine?" Champa akasema, na kabla hajalimaliza neno lenyewe akalisikia. Akaishika meza.

"Saa tisa ya mchana, mama. Saa tisa ya Tanga. Toa tatu."

"Saa sita," Champa akanong'ona. "Mtoto nilimzaa London. Akasema nine, na mimi nisimwulize nine ya nani!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Na basi lake la kurudi?"

"Saa kumi, imeandikwa hapa. Mama, leta brashi. Yoyote!"

Champa akakimbilia jikoni na goti lake bovu, akaja na brashi ya kupakia samli kwenye chapati. Mumbi akasugua vumbi, akapuliza, akakohoa, akatemea kwenye kitambaa cha mkononi. "Feni ya chumbani unayo? Ile ya kusimama?" Wakaivuta kutoka chini ya kitanda ilikokuwa imelazwa tangu Agosti, wakaielekeza kwenye ubavu ulio wazi, wakaiwasha kwa kasi ya mwisho. Mumbi akafungua na dirisha. Upepo wa Novemba ukaingia na mvua yake, kalenda ikapigapiga ukuta.

Mumbi akabonyeza kitufe. Kompyuta ikanguruma. Dakika moja. Tatu. Champa, amejifunga shali kichwani, akawa anaiongelesha chini kwa chini, Kigujarati kwa Kiswahili. Ya nne ikapita. Ya tano ikapita. Picha ya skrini ikatokea, kisha alama za programu, moja baada ya nyingine, kama wageni wasiojuana.

Programu ya kuzungumza ilipofunguka ilikuwa saa sita na robo. Ikaita. Ikaita tena.

"Haloo? Mama Champa? Muhiddin hapa! Tulishakata tamaa, shangazi amekwisha beba mkoba." Sauti ikageukia pembeni. "Shangazi! Rudi, kaa!"

Uso ukaijaza skrini, karibu mno, kipaji na jicho moja. Kisha ukarudi nyuma, ukawa wa Zainab.

"Champa," akasema. "Mbona umejifunga kama unakwenda kuchota maji?"

Champa alikuwa ameyapanga maneno tangu wiki iliyopita. Yakamtoka bila mpango. "Zainab, siku ile nilikwambia tunakwenda Lushoto..."

"Mtarudi Jumatatu."

"Nilikudanganya."

Zainab akacheka, cheko lile lile la barazani. "Wewe! Nani anakwenda Lushoto na cherehani? Nilimwona mchukuzi akiipakia garini."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Hukuinua macho kwenye uzi wako." Akaurekebisha mkoba begani. "Jumatatu nilikuja vilevile. Nilijua hampo. Nikabisha hodi tu."

Mumbi akageuka, akajifanya anatafuta bisibisi.

"Sasa unarudi lini?" Zainab akauliza.

Majibu yalikuwepo, tena mengi: kiangazi kijacho, Jayesh akipata likizo, goti likipona. Champa akayatazama, na kila moja lilikuwa na sura ya Jumatatu.

"Sijui, Zainab. Huenda nisirudi."

Maneno yalichukua muda kufika. Kwenye skrini Zainab aliendelea kutabasamu, akisubiri, kisha Champa akaona jinsi yalivyomfikia. Zainab akainamisha kichwa, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Haya," akasema. Akauteremsha mkoba begani, akauweka chini. "Basi kaa hapo hapo, nikuone."