Majina Kwenye Kigae

Jumanne saa mbili asubuhi, Janepher, mpimaji wa magonjwa, alimchoma kuku mzazi wa kwanza kwenye mshipa wa chini ya bawa, akachukua tone la damu na kuliweka juu ya kigae cheupe. Akaongeza tone la dawa ya zambarau, akakoroga kwa kijiti, akakiinamisha kigae huku na huku kwa dakika mbili. Damu ya kuku mwenye afya hubaki laini. Ya kuku ambaye mwili wake umepambana na kuhara kweupe huganda vipunje vipunje, na ugonjwa huo hupita ndani ya yai hadi kwa kifaranga.

Damu iliganda. Vipunje vikajipanga, vikaandika jina la mtu na la mtaa wa Mbale: Alifya, Malukhu.

Kuku wa pili aliandika Nicanor, Namatala. Wa kumi na saba aliandika jina la dada yake Janepher, Gorreti, ambaye alikuwa ameuza cherehani yake ili ajenge banda hukohuko Namatala.

Afande Maxwell, mstaafu wa magereza na mwenye kituo hicho cha kutotolesha vifaranga pale Mpumudde, alivaa miwani akasoma kigae kimoja kimoja. Alisema mwandiko unasomeka. Wote walikuwa wateja wa siku hiyo.

"Kwenye vyeti andika 'safi'," akasema. "Vifaranga viko kwa maboksi na gari ya Mbale iko tayari."

"Afande, hawa kuku ni wagonjwa."

"Nimeona. Andika."

Janepher akaandika 'safi', akasaini vyeti. Maxwell alinakili majina kwa mpangilio uleule wa vigae, akampa dereva Timothy awafikishie watu mizigo yao.

Mchana Janepher alimpigia dada yake simu. Walijuliana hali, akaulizia watoto, halafu akauliza kama banda lina joto la kutosha. Gorreti alisema lina joto. Janepher akakata simu.

Vifaranga walianza kuhara siku ya nne. Jumapili ya pili Janepher alipanda basi kwenda Mbale, akamkuta Gorreti nyuma ya nyumba akiwafukia wa mwisho. Cheti kilikuwa kimebandikwa kwenye mlango wa banda. Janepher akashika jembe, wakachimba pamoja.

"Ulijua?" Gorreti akauliza.

"Nilijua."

Gorreti alisawazisha udongo kwa mguu. Kisha akaingia ndani akapika chai, wakanywa, akamsindikiza hadi kwenye basi.

Jumanne iliyofuata majina yalikuwa mengine. Maxwell alisema yangefaa zaidi kama yangekuja na namba za simu, maana Timothy alipotea mara mbili kule Malukhu. Janepher akakiosha kigae, akamchoma kuku mwingine. Zilipotimia dakika mbili, namba ilikuwepo chini ya jina, tarakimu zote kumi.