Vidole vya Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani wa kupima watu kwa jicho. Ukiingia kibandani kwake tu, ameshajua kiuno chako, na uongo utakaomwambia juu ya kiuno hicho. Leo zamu ya kupimwa ilikuwa yake. Uvimbe wa titi ulishatolewa. Kilichobaki ni kuchagua dawa za kumalizia saratani.

Pembeni yake alikaa mdogo wake, ambaye ukoo mzima ulimwita Redio kwa sababu hazimiki.

Daktari, mama mwenye miwani iliyoteleza puani, akawageuzia kompyuta. "Huyu msaidizi wangu, programu ya akili bandia, amepitia habari za wagonjwa wengi kuliko nitakaowaona maisha yangu yote. Yeye anapendekeza, tunaoamua ni sisi."

"Ana adabu kumzidi shemeji yako," Redio akamnong'oneza dada yake.

"Ameleta njia mbili," daktari akaendelea. "Kwa kupona, zinakaribiana sana. Ya kwanza ina safari chache za hospitali, ila vidole vinaweza kufa ganzi, na wengine ganzi haiwatoki. Kwa kuwa mama hufanyi kazi, ndiyo ameitanguliza."

Mama Pindo akatazama vidole vyake. Nesi alipomuuliza kazi yake kule koridoni, Redio alikuwa amembana bega kwa bega, Redio yuleyule aliyempiga marufuku kugusa cherehani tangu atoke upasuaji. Kwa hiyo Mama Pindo alijibu kwa sauti ya malaika, "Nimepumzika tu nyumbani." Wakati huo cherehani ilikuwa imefichwa nyumbani chini ya kitanda chake, pamoja na sare za shule zikisubiri vifungo.

Sasa akiutema ukweli, Redio atafunguka. Akiumeza, vidole vitalala.

"Daktari," akasema, macho sakafuni, "nashona. Hata jana nimeshona."

Akasubiri mvua ya maneno.

"Kumbe," Redio akasema taratibu. "Mimi nilidhani ule uzi mwekundu kwenye nywele zako ni mvi za kisasa."

"Ulijua?"

"Dada, cherehani yako inapiga kelele kuliko mimi. Nilikuwa nakusubiri useme."

Daktari akacheka mpaka miwani ikaanguka mezani. Mama Pindo akapata nguvu. "Msimlaumu huyo wa kwenye kompyuta. Hata mimi, ukinipa vipimo vya jirani, nitakushonea gauni la jirani."

Daktari akaandika upya: fundi cherehani. Ile njia ya pili ikapanda juu. Akaisoma kwa makini, akalinganisha na majibu ya maabara, akaitikia kwa kichwa. "Nami naona hii inakufaa zaidi. Utakuja hospitali mara nyingi, na nywele zitaondoka kwa muda. Unasemaje?"

"Nywele zina kwao, zitarudi. Kichwa nitakishonea kofia."

"Na safari za hospitali nitamsindikiza mimi," Redio akasema.

"Hapo ndipo penye maumivu," dada mtu akajibu.

Jioni cherehani ilitolewa mafichoni. Redio akavuta kigoda, akajitia kusimamia muda wa mapumziko, huku akimtilia dada yake vifungo mkononi kimoja kimoja. Mama Pindo akatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, akatabasamu peke yake.

"Na gauni langu uliloniahidi je?" Redio akauliza.

"Panga foleni. Ungeniacha nishone, ungekuwa umeshalivaa."