Mbeba Mkoba wa Eudald

Eudald aliisukuma baiskeli isiyo na kiti hadi mlangoni mwa karakana ya Quirze, akasimama pale kama mtu aliyeleta posa. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine ulikumbatia boksi la vipuri. Ndani, Quirze alikuwa ameinamia mashine ya kukatia nyasi. Hakuinua kichwa.

"Kama ni msumeno, weka pale. Rudi Alhamisi."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Hakuna mwingine hapa Puigvell anayeburuta mguu hivyo."

Kwa miaka ishirini na sita walikuwa wakisalimiana kwa kidevu tu. Zamani mtu akimwona mmoja bila mwenzake aliuliza nani kafa. Walijifunzia kwenye ngazi za kanisa, wakiruka na baiskeli kidato kwa kidato bila kugusa chini, padre akiwamwagia maji kutoka dirisha la juu. Kila mguu ulipogusa ardhi ilikuwa alama moja ya adhabu, na wale wawili walihesabiana alama hata wakitembea kwenda shule. Walipokua, Eudald akawa mpandaji, akishindana kuruka mawe ya korongo kwa baiskeli, na Quirze akawa mbeba mkoba wake. Mkobani mlikuwa na spana, tyubu ya akiba na kipande cha soseji kavu. Eudald alipopanda jiwe, Quirze alisimama chini yake mikono juu, akimpigia kelele za sekunde zilizobaki, tayari kumdaka.

Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa Siku ya Wakongwe kule korongoni. Sheria yake haikuandikwa popote, lakini bonde zima liliifuata: unapanda na yule yule aliyekubebea mkoba enzi zako, au hupandi. Aliyefiwa na mbeba mkoba aliruhusiwa mjane wa marehemu. Quirze alikuwa mzima kabisa, kwa hiyo Eudald hakuwahi kupanda hata mara moja. Kila mwaka alisimama nyuma ya kamba na glasi ya divai, akasifu baiskeli za wengine.

Quirze alijifuta mikono, akaja kuchungulia boksi.

"Nani kakuuzia takataka hizi?"

"Kijana mmoja wa mjini. Alisema ndizo za kisasa."

"Huu usukani ni wa watu wenye migongo. Mgongo wako uliuacha kiwandani, kwenye masanduku ya nyama." Aliutupa kando. Akachukua friwili, ile gia ya meno inayoshikwa na cheni, akaizungusha sikioni, macho kayafumba. "Hii nayo ina uvivu. Ukikanyaga inafikiri kwanza. Uko juu ya jiwe, unataka kuruka sasa hivi, yenyewe bado inakata shauri."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Quirze alifungua droo ya chini, akatoa kitu kilichofungwa kitambaani. Friwili nyingine, meno yake mengi na madogo, imepakwa grisi. Alipoizungusha ilitoa mlio mwembamba wa haraka, na Eudald akajikuta ana miaka ishirini na tatu, mgongo mwepesi, soksi zimelowa maji ya korongo.

"Ulikuwa nayo?"

"Niliinunua kwa ajili ya fainali ya pili. Ile ambayo hatukufika."

Wakaanza kazi, na kwa saa nzima mambo yalikwenda vizuri kuliko Eudald alivyothubutu kutumaini. Walichagua shingo ya usukani iliyo fupi. Walibishania urefu wa cheni, Quirze akashinda. Mikono yao ilikuwa bado inajuana: mmoja alinyoosha mkono tu, mwenzake akampa spana namba kumi bila kuombwa. Kisha wakafika kwenye breki.

Rimu zilikuwa mpya, laini kama sahani. Rimu ya namna hiyo haifai kitu. Lazima ichanwe kwa grenda, mstari hadi mstari, halafu ipakwe lami kidogo, ili raba za breki ziume na zisiachie. Quirze aliishika grenda. Akaitazama. Akaiweka chini.

"Breki mtafute mtu mwingine."

"Quirze..."

"Mimi ndiye Quirze wa breki, bwana. Ingia baa yoyote toka hapa mpaka Ripoll, uulize. Wananiita Teleza. Kuna timu iliniahidi kunizungusha Ulaya nzima, fundi wao, na koti lenye jina langu mgongoni. Ukaanguka wewe kwenye fainali ya kwanza, wakasema breki zangu ziliteleza, barua haikuja. Leo nanoa misumeno. Sishiki rimu yako tena."

Eudald alikaa juu ya tairi la trekta. Neno hili alikuwa akitaka kulisema tangu mazishi ya mama yake Februari, na kabla ya hapo alilibeba maisha yake yote ya utu uzima.

"Breki zako hazikuwa na kosa. Mama alizing'arisha."

"Aling'arisha nini?"

"Rimu. Jumamosi jioni, kesho yake fainali, mimi nimelala. Aliona nyeusi, zina mikwaruzo. Akasema watu wa Barcelona wanakuja na kamera, mwanangu hapiti mbele yao na magurudumu kama ya mkokoteni wa samadi. Akachukua ile dawa ya vijiko vyake vya harusi, akasugua mpaka lami yote ikatoka."

Quirze alisema polepole, "Alikwambia lini?"

"Hakuniambia. Nilinusa glavu zangu, zinanuka ile dawa ya vijiko. Nilikuwa bado chini, machela haijafika."

"Umejua tangu siku ile."

"Tangu dakika ile. Bonde zima lingemcheka mpaka kaburini. Nikanyamaza, nikidhani ni mwezi mmoja tu, watasahau. Amekufa hajui. Kila Jumapili alikuwa akiniuliza, Quirze umemkosea nini mpaka haji tena kula?"

Quirze alitoka nje. Eudald alimwona kupitia mlango, amesimama uani katikati ya mashine mbovu, mikono kiunoni, kaipa karakana mgongo. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu na mdomo umekaza.

"Ziling'aa?"

"Kama kikombe cha misa."

Kitu kilitaka kucheka usoni pa Quirze, akakizuia. "Jumapili, kwenye kifungua kinywa cha Wakongwe, utasimama useme. Mbele ya wote. Ukisema, mkoba nitaubeba. Usiposema, ondoa chuma chako kwangu."

"Watamcheka mama, Quirze."

"Mimi wamenicheka miaka ishirini na sita."

Akawasha grenda. Cheche zilimrukia Eudald magotini, na harufu ya chuma kilichoungua ikaijaza karakana, ikifuatiwa na harufu ya lami, harufu ya ujana wao.

Jumapili waliketi watu arobaini kwenye meza ndefu kando ya korongo, sahani za utumbo na dengu zikitoa mvuke. Eudald alisimama, akagonga glasi, akasema yote. Hakumpamba mama yake wala hakujipamba. Alipofika kwenye dawa ya vijiko, meza ililipuka.

"Kumbe Bi Remei ndiye aliyembwaga bingwa!" alipiga kelele Jofre, mpandaji mwenzao wa zamani mwenye tumbo la kutosha wawili. "Kombe lilipaswa kwenda jikoni kwake!"

Wakacheka wakafuta machozi. Eudald aliitazama sahani yake. Basi Quirze akaweka uma chini.

"Jofre. Mwaka ule ulimaliza mashindano na suruali gani?"

"Suruali? Nitakumbuka vipi?"

"Mimi nakumbuka. Yako ilichanika kwenye jiwe la tatu, matako nje mbele ya masista. Nani alikushonea pale pale, amepiga magoti matopeni?"

"Bi Remei," akasema Jofre.

"Haya. Cheka tena."

Hakuna aliyecheka. Jofre alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Quirze, jina la Teleza nililianza mimi."

"Najua ulikuwa wewe," alisema Quirze. Hakusema amesamehe. Alimeza dengu zilizobaki, akainuka, akautupa mkoba begani, akaanza kushuka korongoni bila kutazama kama Eudald anafuata.

Eudald alifuata, mguu ukiburuta. Chini, mawe yalikuwa yale yale, ila kuvu lilikuwa limepanda juu zaidi. Alipolikabili jiwe la kwanza, Quirze alimzuia kwa kiganja kifuani. Akainama, akaliminya tairi la nyuma kwa kidole gumba, akatoa upepo kidogo, akasikiliza, akaminya tena. Eudald angeweza kufanya hayo mwenyewe. Hakunyoosha mkono.

"Sasa," alisema Quirze, akarudi nyuma hatua mbili na kuinua mikono. "Na ukianguka, angukia upande huu."